Kaburi Aliloazimwa Gavana

Gavana Whit Dorrance alimchukua mama wa Verlene Stidham na mpaka leo hajamrudisha. Habari yenyewe ni hiyo, na Verlene hapendi watu wanaoizungusha. Hakumchukua akiwa hai. Akiwa hai asingethubutu, kwa sababu Orpha Stidham alikuwa na mbwa. Alimchukua akiwa kaburini, miaka miwili baada ya kuzikwa, akamfanya bibi yake mzaa mama, akapanda mgongo wake mpaka ikulu ya jimbo la Kentucky na kukaa huko vipindi viwili. Sasa ametoka. Ana shamba la farasi na kiuno kinachomsumbua, na mama wa watu bado yuko naye.

Majirani wa Kaunti ya Tolliver humwambia Verlene ashukuru. Ni wangapi, wanamuuliza, ambao mama zao wametajwa kwenye runinga?

Verlene ni mpishi. Shule aliiachia darasa la sita, mwaka ambao mgodi ulimwangukia baba yake. Kaka na dada zake walikuwa wameshakwenda Ohio viwandani, Orpha akaanza kuwapikia wachimba makaa waliopanga chumba cha juu, na mikono miwili haikutosha. Mtoto akashika mwiko. Kusoma anasoma kwa kukwamakwama, kama mtu anayevuka kijito kwa mawe. Lakini alipokuwa mtu mzima walimchukua jikoni kwenye shule ileile aliyoiacha, akawapikia watoto maharage na mkate wa mahindi, na hakuna mtoto aliyetoka pale na sahani yenye kitu.

Na Orpha mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu. Alikuwa na ugoro chini ya mdomo tangu asubuhi, na kopo la kutemea pembeni ya kiti. Kanisani alikwenda kwenye mazishi tu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na chakula. Wanasiasa hakuwapenda hata kidogo. Mgombea mmoja aliwahi kufika mpaka barazani kwake, akaweka mkono kifuani na kumwita "mama yangu mzazi." Orpha akamtazama kutoka viatu mpaka kofia.

"Ningekuzaa wewe," akamwambia, "ningekumbuka uchungu."

Halafu akafungua mbwa.

Alikufa Februari, mvua ikinyesha. Makaburi ya akina Stidham yako juu ya kilima, na njia ya kupandia siku hizo ilikuwa tope tupu. Wanaume sita walibeba sanduku. Ezra Fugate, shemasi, ndiye aliyeteleza wa kwanza, wakafuata wengine, na sanduku la Orpha likashuka kilima peke yake, likapita watu waliokuwa wanapanda, likaenda kusimama kwenye uzio wa waya wa ng'ombe wa jirani. Watu walicheka. Walisema Orpha mwenyewe angecheka kuliko wote, na huenda ni kweli. Verlene hakucheka. Alishuka kwenye tope, akaukalia ule mfuniko, akawaambia hataondoka mpaka wapate kamba.

Ndiyo maana Burl Napier alipokuja kumzungumzia habari za barabara, alimkuta Verlene moyo umeshafunguka nusu.

Burl ndiye mkuu wa kaunti. Alikuwa mkuu wakati ule, na baba yake alikuwa mkuu kabla yake. Alikuja kwa mlango wa nyuma wa jiko la shule, akachukua kipande cha mkate bila kuuliza.

"Verlene, mkate huu unaweza kumfanya Mbaptisti acheze dansi."

"Unataka nini, Burl?"

"Nani amesema nataka kitu?"

"Umevua kofia."

Burl akaitazama kofia mkononi kana kwamba ameokota ya mtu mwingine. Akakaa juu ya ndoo ya mafuta ya kupikia.

"Kuna rafiki yangu anagombea ugavana. Mwanasheria wa Louisville. Kijana mzuri."

"Pole yake."

"Huku milimani hajulikani. Nataka aje Jumapili ya makaburi, asimame, aseme maneno mawili."

"Asimame wapi? Ana mtu pale?"

"Hapo ndipo nilipokuja kwako," akasema Burl.

Jumapili ya makaburi ni ile ya mwisho ya Mei. Kila ukoo hupanda kilimani na majembe, hupalilia wafu wake, huinua udongo uliodidimia, huweka maua ya plastiki mapya na kutupa ya mwaka jana. Mchungaji anahubiri, watu wanaimba, kisha vinatandikwa vyakula juu ya meza ndefu. Mgeni yeyote anakaribishwa kula. Kusema ni jambo jingine. Anayetaka kusema husimama miguuni pa mtu wake mwenyewe, na asiye na mtu pale hufunga mdomo na kuongeza kuku. Wagombea wengi wa mabondeni walikwisha kushiba pale bila kupata nafasi ya kutamka hata majina yao.

Verlene aliendelea kukoroga sufuria, halafu mwiko ukasimama.

"Unataka kuazima mama yangu?"

"Jumapili moja tu."

"Azima wa kwako."

"Wa kwangu yuko hai, Verlene, na anapigia kura chama kile kingine."

"Kwa nini Orpha? Kilima kizima kimejaa wafu."

"Wengine wote wana watoto wengi, watagombana. Wewe uko peke yako huku, wenzako wako Ohio." Burl akalamba vidole. "Atasema ni jamaa wa mbali, upande wa mama. Basi. Nani huku siyo jamaa wa mbali? Na akishinda, kutakuwa na lami mpaka juu. Gari la maiti litafika getini. Hakuna sanduku litakaloteleza tena, la mtu yeyote."

Verlene si mjinga, ingawa kwa miaka hii kumi na miwili amejiita hivyo mara nyingi. Alikosea jinsi mwanamke wa huku anavyoweza kukosea. Huku, ukipeleka bakuli kwenye chakula cha kanisa, unabandika jina lako chini yake, na bakuli linarudi. Likichelewa, unakwenda kugonga mlango wa watu na linatoka likiwa limeoshwa. Tangu azaliwe hakuwahi kupoteza bakuli. Akamfikiria mama yake vivyo hivyo: atatoka Jumapili, atarudi Jumatatu, na jina liko palepale.

"Jamaa wa mbali," akasema.

"Wa mbali kabisa," akasema Burl.

Whit Dorrance alikuja na suruali iliyopigwa pasi na jembe jipya ambalo karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa kwenye mpini. Alikuwa mrefu, mwenye nywele nzuri, umri sawa na Verlene, arobaini na kitu. Mama mdogo Zella, mdogo wake Orpha, alikuwa amekaa na mwavuli wake karibu na kaburi. Alimtazama akilima kidogo, akashindwa kuvumilia.

"Kijana, hilo ni jembe au ni nyoka? Mbona unalishika kwa mbali?"

"Nifundishe, mama."

"Ningeanzia na nguo. Vua hicho kitai cha shingoni kwanza, utajinyonga mbele ya watu."

Akavua. Akalima mpaka viganja vikatoka malengelenge, na Verlene hawezi kumnyima hilo. Alipalilia vizuri. Akala maharage, akala mayai ya kujazwa, akala keki ya matufaha makavu vipande vitatu na kumuuliza kila mama jina lake. Kisha akasimama miguuni pa Orpha.

Alianza kama walivyokubaliana. Jamaa yake wa mbali, upande wa mama, mwanamke shupavu. Lakini jua lilikuwa kali siku ile, na kina mama waliokaa mbele walikuwa wanajifuta jasho usoni kwa vitambaa. Whit Dorrance aliona vitambaa vile akadhani ni machozi. Sauti yake ikashuka. Jamaa wa mbali akawa shangazi. Shangazi akawa mama aliyemlea likizo za kiangazi. Mchungaji alipokohoa, Orpha alikuwa ameshakuwa bibi yake, amepiga magoti pembeni ya kitanda chake akiwa mtoto mwenye homa, anamwombea mpaka asubuhi.

Zella alihesabu kwa vidole, akamwinamia Verlene.

"Huyu ukimtazama, Orpha atakuwa alipata mjukuu akiwa na miaka thelathini. Hata kwetu hiyo ni mapema."

"Nyamaza, mama mdogo."

"Na wewe ulikuwa tumboni mwaka huohuo. Alikuwa na kazi nyingi, maskini."

Watu wote waliokuwa juu ya kilima kile walijua. Ezra Fugate alijua, na nguo yake nyeusi ilikuwa bado ina doa la tope la siku ile. Hakuna aliyesema. Tangu zamani magavana walitoka mabondeni, kwenye farasi na viwanda vya pombe, na huku milimani walipanda kuja kupiga picha na watu wasio na meno. Sasa amekuja mmoja mwenye malengelenge, analia juu ya kaburi letu. Burl alikuwa anapita meza kwa meza akiwashika watu mabega: "Huyu akipita ni wa kwetu. Mnanisikia? Wa kwetu." Wakala keki, wakamsikiliza, na Novemba wakampa kura mpaka makaratasi yakaisha kituo cha Tolliver.

Verlene alikwenda kwa Burl wiki ileile ya Mei.

"Jumapili imekwisha. Nimekuja kumchukua."

"Subiri uchaguzi upite."

Uchaguzi ukapita. "Subiri aapishwe kwanza."

Akaapishwa. "Verlene, mpenzi," akasema Burl, "hilo sasa ni jambo la serikali."

Siku ya kuapishwa Verlene alitazama kwenye runinga ya Zella. Gavana alisimama kwenye baridi bila koti akasimulia jinsi Bibi Orpha alivyokuwa akimenya maharage barazani, punje moja yetu, punje moja ya jirani, na kwamba hapo ndipo yeye alipojifunza haki.

"Jirani gani?" akasema Zella. "Yule wa kwake aliyaiba yote, Orpha akamvunjia dirisha."

Kila mwaka Orpha aliongezeka. Mwaka wa pili alimfundisha mjukuu wake kusoma Biblia kwa mwanga wa taa, yeye ambaye jina lake aliliandika kwa alama ya msalaba. Mwaka wa mafuriko alikuwa ameacha wosia kuhusu maji. Gavana alipogombana na walimu, Orpha alikuwa na neno kwa walimu. Alipogombea kipindi cha pili, mpinzani wake alijaribu kusema habari za kodi, akaulizwa kama anamtukana marehemu. Mtu aliyeishi na Orpha miaka arobaini angesikiliza hotuba zile na kutamani kukutana na mama huyo, maana alionekana mwema sana.

Kisha ukaja mwaka wa kubana matumizi. Majiko ya shule yakafungwa jimbo zima, na kampuni moja ikapewa kazi ya kuleta chakula kimeganda ndani ya plastiki, kipashwe moto na yeyote aliye karibu. Gavana alieleza kwa nini. "Bibi yangu Orpha," alisema, "alilea watoto sita bila mpishi wa serikali." Wabunge wakapiga makofi. Hivyo ndivyo Verlene Stidham alivyofukuzwa kazi na mama yake mzazi.

Barabara alijenga. Hilo lazima lisemwe, na Verlene hulisema kwa ukali kuliko anavyosema mabaya. Lami ilifika mpaka juu, nyeusi, laini, na mifereji pembeni. Lakini lami ilileta mabasi ya wageni, na wageni wakahitaji uzio, na uzio ukahitaji geti la chuma, na ufunguo akakaa nao Burl. Kule barabara kuu kukasimamishwa bango la kijani lenye mshale. Zella ndiye aliyemsomea: njia ya kwenda kwa bibi wa gavana.

Jiwe la zamani waliling'oa. Lilikuwa jiwe la kijitoni, na kaka mkubwa wa Verlene alilichonga herufi mbili kwa patasi kabla hajarudi Ohio. Mahali pake wakaweka marumaru. Marumaru ile ina jina la Orpha kwa herufi ndogo na jina la gavana kwa herufi kubwa. Watoto sita waliotoka tumboni mwake hawamo. Verlene alimuuliza Burl lile jiwe liko wapi, na Burl hakuona aibu kujibu. Lilikuwa gereji kwake, linazuia mlango usijifunge.

"Lilikuwa jiwe tu, Verlene. Huku tumejaaliwa mawe."

Yote hayo Verlene aliyameza. Aliyameza vibaya, yalimkwama, lakini yalishuka. Kilichokataa kushuka alikisikia katika mwaka wa mwisho wa gavana, akiwa amekaa kwa Zella anamkata kucha za miguu. Whit Dorrance alikuwa anahojiwa kwenye runinga, anaulizwa atafanya nini akitoka ikulu. Akasema atapumzika. Akatabasamu, macho yakalowa. Na siku Mungu akimwita, akasema, ameshachagua mahali: atalala kilimani Tolliver, pembeni ya bibi yake, upande wa kushoto.

Zella akavuta mguu. "Umenikata!"

Upande wa kulia wa Orpha yuko baba yake Verlene. Upande wa kushoto ni pa Verlene. Orpha mwenyewe alimwonyesha kwa fimbo, akiwa hai, akiwa na ugoro mdomoni. Sikio lake la kulia lilikufa zamani. "Wewe lala huku," alimwambia, "ili nikusikie. Baba yako hana jipya." Verlene hakuolewa, hakuzaa, jiko la shule limefungwa. Katika dunia hii yote mahali palipokuwa pake bila kuuliza mtu ni hapo, urefu wa mtu mmoja, kwenye majani. Alichotaka ni hicho tu.

Jumapili ya makaburi ya mwaka ule alipanda mapema, Burl alipofungua geti tu. Alikuwa na jembe na kiti cha jikoni. Alimpalilia mama yake, akaweka maua, akakitua kiti upande wa kushoto wa kaburi na kukaa. Watu walipokuja walimletea sahani ya kuku. Walidhani miguu inamuuma.

Gavana alifika na makamera manne. Burl akatangulia mbio, kofia mkononi.

"Verlene, mpenzi, sogea kidogo. Gavana anataka kusimama."

"Asimame. Mimi nimekaa kwangu."

"Watu wanatazama."

"Nimechana nywele kwa ajili hiyo."

Whit Dorrance akaja akiwa ameshavaa tabasamu. "Bi Verlene! Mkate wako wa mahindi bado nauota usiku."

"Ulikuwa unapikwa pale shuleni, mheshimiwa. Ukafunga jiko."

Watu wakacheka kidogo, wakakatisha. Verlene akafuta vidole, akaweka sahani chini.

"Halafu nikuulize. Kama Orpha ni mama wa mama yako, mimi ni nani wako? Si mdogo wa mama yako? Huku kwetu mtu huvua kofia akisimama mbele ya mama yake mdogo."

Alidhani amembana. Alidhani atababaika mbele ya makamera. Whit Dorrance akavua kofia palepale, akapiga goti kwenye majani, akaushika mkono wa Verlene wenye mafuta ya kuku na kuubusu.

"Mama mdogo," akasema, na sauti ikamkatika.

Makamera yakalia kama panzi. "Jamani, tazama," akasema mwanamke mmoja wa nyuma, na safari hii vitambaa vilikuwa vya machozi kweli.

Zella alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, chini ya mwavuli uleule. Aliona mpwa wake anazama, akatupa kamba.

"Na mimi je? Mimi ni mdogo wake Orpha, tumbo moja! Kwa hiyo mimi ni bibi yako pia. Njoo, mjukuu wangu, unipeleke chooni. Nimebanwa tangu wimbo wa kwanza."

Kilima kizima kikaangua kicheko. Hata Burl alicheka, kwa hofu. Gavana wa jimbo la Kentucky akainuka, akafuta goti, akashika kile kiti na kumsukuma Zella kwenye majani mpaka kwenye vyoo vya plastiki vya buluu, akasimama nje ameshika mkoba wake, akamrudisha, akamfunika shuka magotini. Kesho yake picha ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti, yeye na mkoba.

"Nisikudanganye, Verlene," akasema Zella baadaye. "Mtoto anasukuma vizuri."

Gavana aliporudi kutoka kule chooni alimwinamia Verlene, akafunika kwa kiganja kipaza sauti kilichokuwa kifuani pake. Karibu hivyo alionekana mtu aliyechoka.

"Nisikilize. Bibi yangu wa kweli alikuwa na nyumba kubwa, na alikuwa akiniita kwa jina la kaka yangu. Mpaka anakufa. Huyu..." Akaitazama ile marumaru. "Nimemsema sana, mpaka namjua."

"Mbwa wake aliitwa nani?"

Akarudi kuitazama marumaru.

"Sikio gani lilikuwa kiziwi?"

"Verlene, nilimhitaji."

"Na mimi."

Hapo palikuwa na kitu usoni mwake, Verlene alikiona na bado hajui akiite nini. Kisha kikapita.

"Nitakuwekea nafasi," akasema kwa upole. "Nimeshazungumza na Burl. Hapa chini, miguuni."

"Miguuni pa nani?"

"Petu wawili, mimi na bibi."

Verlene akainuka. Akaenda kusimama miguuni pa Orpha, mahali ambapo kwa desturi akisimama mtu wa marehemu wote hunyamaza, na wote wakanyamaza. Hakuwa na kipaza sauti, lakini mtu aliyeita watoto chakulani miaka ishirini hahitaji.

"Ninyi mlimbeba," akasema. "Mlimwangusha, mkamfuata kwa kamba. Sitaki hotuba. Nataka mmoja wenu aseme huyu aliyelala hapa ni mama wa nani."

Akawatazama mmoja mmoja. Wanne kati ya wale sita walikuwa hai na walikuwa pale. Ezra Fugate alikuwa ameshika bawa la kuku, analitazama kana kwamba kuna maandishi juu yake. Walikuwa na zahanati mpya. Walikuwa na lami. Vijana wa watu wawili kati yao walikuwa na kazi za serikali. Lakini Verlene, aliyekuwa amesimama mbele yao, aliona kwamba hata si hayo. Kama Orpha ni bibi wa gavana, basi wao ndio watu waliomtoa gavana. Kama si bibi yake, wao ni watu waliomwazima mgeni kaburi na kumtazama akiondoka nalo. Nani angechagua hilo la pili, siku ya Jumapili, na sahani imejaa?

"Tuimbe," akasema Burl.

Wakaimba. Waliimba vizuri, beti zote, na gavana alishika sauti ya chini. Verlene alisimama mpaka mwisho kwa sababu ulikuwa wimbo wa kanisa na asingeweza kuondoka katikati.

Sasa Whit Dorrance si gavana tena. Alijaribu useneta, akashindwa, kwa sababu mpinzani wake alikuwa na babu aliyekufa mgodini, naye anasema ni wa kweli. Kila Mei bado anakuja kilimani na kiuno chake kibovu. Jembe analishika kama mtu wa huku. Humletea Zella pipi za mnanaa, naye Zella huzitafuna. Pale kushoto wameweka vigingi vinne na kamba nyeupe, na Verlene kila anapopanda huving'oa, na kila akirudi anavikuta vimesimama.

Hataki lami iondolewe. Wala hadai kazi, jiko lile sasa ni stoo ya viti. Ezra Fugate na wenzake watatu wana deni la neno walilomnyima siku ile, na wamebaki na muda mfupi wa kulilipa, maana Ezra anapumua kwa chupa ya oksijeni. Burl Napier ana deni la jiwe la kijitoni, na hilo ni jepesi, linaingia nyuma ya gari dogo. Deni kubwa ni la Whit Dorrance: ardhi ya upande wa kushoto, na maneno machache yasemwe amesimama miguuni pa Orpha, kipaza sauti kikiwa wazi, kwa sauti ileile aliyomchukulia. Kwamba huyu si bibi yake. Kwamba ni mama wa Verlene Stidham, na aliazimwa kwa Jumapili moja.